Kidonge Mkononi

Je, kutotenda nako ni kutenda? Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinikuta usiku, hapahapa Tunduma.

Baba mdogo alianguka akiwa anakula. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Mama mdogo akaleta vidonge vya warfarini vilivyoachwa na mpangaji wao, dereva wa malori mwenye ugonjwa wa moyo. "Si ndivyo vya kuzuia damu kuganda? Mpe, mwanangu!" Nikavishika. Sikumpa. Tulibishana karibu saa nzima, ndipo tukatafuta gari la kwenda Mbeya.

Jamani, kiharusi ni cha aina mbili. Mshipa wa ubongo huzibwa na damu iliyoganda, au hupasuka ukavuja. Kwa macho hutofautishi, mpaka picha ya CT. Anayevuja ukimpa dawa hiyo, unamwongezea kuvuja.

Picha ikaonyesha damu imeganda. "Si unaona?" akasema mama mdogo. Mkono wa baba mdogo haujarudi mpaka leo.

Basi, nilikosea? Baadaye nikasoma. Kumbe warfarini huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Na heparini ya sindano, ambayo huanza mapema, ilipimwa kwa wagonjwa 19,435 katika nchi 36, waliodhaniwa kuwa na kiharusi cha kuganda. Matokeo yalitolewa mwaka 1997: ndani ya siku 14, heparini ilipunguza viharusi vipya vya kuganda, ikaongeza vya kuvuja kwa kiasi kinachokaribiana. Ulichomwokolea huyu, ulimnyang'anya yule. Aspirini ndiyo iliyosaidia, tena kidogo.

Naweza kujisifu, lakini nitakuwa mwongo. Usiku ule sikuyajua hayo, niliogopa tu. Ndiyo maana nasema tendo lipimwe kwa kile mtu alichokijua saa ile, si kwa picha iliyokuja baadaye. Kama picha ingeonyesha kuvuja, ningeitwa mwenye busara, na woga wangu ungekuwa uleule.

Mama mdogo alimpenda mumewe, sibishi. Ila upendo nao hutaka kutuliza mikono yake yenyewe. Kidonge kile kingetutuliza sisi, si yeye.

Kidonge sikijutii. Naijutia ile saa. Ubongo wake ulikuwa unakufa, nasi tumesimama juu yake tunagombea nani ana huruma zaidi.