Nchi Nayo Ina Sabato Yake



Mtu afikaye Kondoa, mkoani Dodoma, huona karibu na mji udongo mwekundu, makorongo marefu na mito mipana ya mchanga. Je, ni nani aliyeyachimba makorongo hayo? Ni mvua, lakini binadamu ndiye aliyeifungulia mlango. Miti ilikatwa kwa ajili ya mashamba na kuni. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa pia ili kufukuza mbung'o. Mifugo nayo ikazidi majani. Mvua ikaukuta udongo u uchi, ikauchukua, na mchanga ukafukia mashamba ya bondeni.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini wanyama waliendelea kula na kukanyaga. Basi mwaka 1979 mifugo yote, wapatao 90,000, iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Baada ya hapo majani yalirudi, na vichaka vikaota hata pale ambapo hakuna mtu aliyepanda.

Sisi tusomao Walawi sura ya 25 hatushangai. Bwana aliwaagiza Israeli waiache nchi ipumzike kila mwaka wa saba. Lakini, ndugu zangu, tuisome sura hiyo mpaka mwisho. Inamtaja pia ndugu aliyeishiwa, nasi tunaagizwa kumtegemeza.

Kule Kondoa wenye mifugo walikosa maziwa na samadi. Wengine walipeleka wanyama wao mbali kwa jamaa. Pumziko la nchi lilikuwa na gharama, na wao ndio walioilipa. Miaka kama kumi ilipita ndipo watu walipoanza kufuga tena ng'ombe wachache, wakiwalisha zizini.

Kwa hiyo, tunapomkataza jirani kukata mti au kuchunga mbuzi mlimani, tumwulize kwanza: utapikia nini, na watoto watakunywa nini? Mwenye ng'ombe zizini amgawie samadi asiye naye. Mwenye miti amgawie mjane kuni za matawi. Amri ya kutunza nchi isiyomjali maskini ni nusu ya neno la Mungu.

Bwana atupe mikono ya kutunza nchi, na mioyo ya kutunzana. Amina.