Suluhu na Haki: Nani Atamkataza Nduguye?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, watu hubishana juu ya dini. Mmoja husema kuwa dini ndiyo asili ya ugomvi. Wa pili husema kuwa dini ni amani, na yatosha watu kuwa nayo ili wapatane. Sisi twaona kuwa wote wawili wametazama jina la dini, hawakutazama kazi yake.

Natuitazame miji ya Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Ni miji ya viwanda, ya mashamba ya kahawa na mananasi, na ya nyumba za kupanga. Watu wa kila kabila wamehamia huko kutafuta riziki, na wamo na watoto wetu wa pwani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fitina ilienea nchini, na Tume ya Jaji Waki ikahesabu watu 1,133 waliouawa. Katika Mkoa wa Kati, kama ulivyoitwa wakati ule, wafanyakazi na wapangaji wa makabila mengine walitishwa wahame, na huku watu wenye asili ya mkoa huo wakifukuzwa katika Bonde la Ufa. Basi zingatia: wengi wa waliofukuza na wengi wa waliofukuzwa walikuwa wa dini moja. Jina la dini halikuwazuia.

Wala asidhani Mwislamu kuwa hayo ni ya wengine tu. Njia ipitayo Ruiru na Thika huendelea hadi Garissa, kisha Wajir. Huko Wajir, tangu mwaka 1992, koo za Kisomali zilipigana, na wote ni Waislamu waelekeao kibla kimoja. Wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, waliianza suluhu sokoni: wakataka kila mwanamke, awe wa ukoo wowote, auze na anunue bila kubaguliwa. Kisha wakawaendea wazee, nao wakaandikiana mapatano ya Al-Fatah mwaka 1993. Jambo kama hilo haliwezekani ila mtu awe tayari kumkataza wa ukoo wake mwenyewe.

Na hiyo ndiyo kazi ya dini. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuyapatanisha makundi yanayopigana, na kupatanisha kwa uadilifu. Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Suluhu isiyo na haki si suluhu. Ni kunyamaza kwa mnyonge anayengojea siku yake.

Huenda mtu akasema: kumkemea wa kwetu hadharani ni kumfedhehesha, nasi tumeamrishwa kusitiriana. Jawabu letu ni kuwa sitara ni ya aibu iliyo baina ya mja na Mola wake. Ama dhulma ina mwenyewe aliyedhulumiwa, na kuisitiri ni kumdhulumu mara ya pili.

Sasa twawauliza watu wa pwani. Twataka kijana wetu aliyepanga chumba Ruiru asiulizwe kabila lake siku ya fitina, na kutaka hivyo ni haki. Lakini mwezi wa Agosti 1997, huko Likoni, watu wa bara waliuawa, nyumba zao zikachomwa, na maelfu wakakimbia. Wengine walijihifadhi kanisani. Itasemwa kuwa ile ilikuwa siasa. Ni kweli siasa ilileta kiberiti, lakini moto hauwaki pasipo kuni, na kuni ni yale maneno ya chuki yasemwayo barazani na kuchekewa.

Basi haki tunayoidai Thika na Ruiru ndiyo deni letu Likoni. Kila uchaguzi ukikaribia, imamu na aliseme hili juu ya mimbari, akiwasemesha watu wake kabla ya kuwasema wengine. Mwenye nyumba asimtoe mpangaji kwa sababu ya kabila. Na anayesikia neno la chuki barazani asilichekee, bali amkataze mwenzake papo hapo, ingawa ni nduguye. Atakayetenda hayo ameitumia dini yake. Asiyetenda amebaki na jina lake tu.

Wabillahi taufiq.