Je, Chuma Hubeba Dhambi?

Bunduki ya jeshi ikishakwisha utumishi wake na kutolewa ghalani, mkaguzi haiulizi ilitenda nini, bali huiuliza hali yake. Chukua Lee-Enfield ya .303, ya jamii ile waliyokwenda nayo askari wa King's African Rifles hata Burma mwaka 1944: fundi huilinganisha nambari iliyogongwa kwenye komeo na ile ya mwilini, apate kujua kama viwili hivyo vilitoka kiwandani pamoja au vimeozeshwa baadaye, kisha hulichomoa komeo, akaielekeza kasiba penye mwanga, akatafuta ile mifuo izungukayo kwa kushoto, na vijishimo vyeusi vilivyoliwa na chumvi ya fataki za zamani, ambavyo askari mwangalifu alivizuia kwa kumimina maji ya moto kasibani kila amalizapo kupiga shabaha. Vijishimo hivyo hushuhudia uvivu wa mtunzaji. Dhuluma au haki ya mpigaji havina habari nayo.

Basi, je, chuma hubeba dhambi? Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, katika kambi ya Lanet, nje kidogo ya Nakuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi na kuivunja ghala ya silaha. Bunduki zilizokuwa za utii wakati wa magharibi zikawa za uasi kabla ya alfajiri, pasipo kubadilika parafujo hata moja. Na mahakama ya kijeshi ilipoketi, ilishitaki watu. Wanavyuoni wengi wa fikihi walikwisha kulipitia jambo hili zamani, walipokataza kuuza silaha wakati wa fitina, ilhali upanga ule ule ni bidhaa halali siku ya amani. Serikali nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2019, ilipowapokonya bunduki polisi wa akiba wa Baringo na kwingineko ili wachujwe upya wao wenyewe.

Hata hivyo, mimi sikubali kumwachilia mkusanyaji wa bunduki za kale kwa hoja hiyo. Yeye husema apenda tarehe tu. Lakini bunduki iliyotobolewa kasiba na kulehemiwa komeo haikupoteza hata herufi moja ya tarehe yake, maana taji la mfalme bado lasomeka, na mwaka, na jina la kiwanda, kikiwa ni Ishapore ya Uhindi au Long Branch ya Kanada. Mbona basi aionapo hununa, akaishusha thamani? Ni kwa sababu katika ile aitayo hali njema amechanganya kumbukumbu na uwezo wa kuua, na kila apakapo mafuta huuhuisha uwezo ule kwa ajili ya mkono asioujua, pengine wa mrithi, pengine wa mwizi.

Bunduki zaidi ya 5,000 zilipochomwa Ngong mwaka 2016 sikuona kosa, ijapokuwa ningependa chache zitobolewe, zipelekwe katika makumbusho ya Hyrax Hill, hapo Nakuru, ambako zana za mawe za watu wa kale zatunzwa. Huko mkaguzi angezipanga madaraja kwa usomekaji wa mihuri yake, na kasiba iliyooza isiishushe hata moja.