Kufunga, Saa za Sala, na Uhai wa Kanisa



Wako wengi siku hizi waonao ya kuwa Kanisa letu limepoa, nao hutafuta dawa. Wengine wasema dawa ni mikutano mikubwa ya Injili, wengine wasema ni vyombo vipya vya muziki. Tena wako wasemao, Na turudi kwa Wakristo wa kwanza, tushike sala na kufunga kama wao, na moto utawaka tena. Neno hili la mwisho ndilo nitakalo kulipima, kwa maana lina kweli ndani yake, tena lina hatari.

Nianze na hatari. Sisi Walutheri tulifundishwa tangu Kipaimara ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo ya sheria. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwa uchungu, kwa kuwa walianza kushika siku na miezi kana kwamba Kristo hakuwatosha. Basi tukiwaambia washarika wasali saa fulani na kufunga siku fulani, je, hatuwarudishi utumwani?

Tuwatazame hao wa kwanza wenyewe. Mwaka 1873 mwanachuoni wa Kanisa la Kiyunani, Philotheos Bryennios, aliona mjini Konstantinopoli kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didache, yaani Mafundisho, akakipiga chapa mwaka 1883, miaka 10 tu kabla ya wamisionari wa Leipzig kufika Kilimanjaro. Kitabu hicho chaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kila siku. Chaagiza tena watu wafunge Jumatano na Ijumaa, wasifanane na wanafiki wafungao Jumatatu na Alhamisi. Juu ya sala nakubali kwa moyo wote. Lakini juu ya siku za kufunga nasita, kwa maana mnafiki akihamishwa kutoka Alhamisi kwenda Ijumaa, yu mnafiki vile vile.

Walakini wako wa kale walioona mbali zaidi. Hermas, aliyeandika huko Rumi katika karne ya pili, afundisha kwamba siku ya kufunga mtu ale mkate na maji tu, ahesabu gharama ya chakula ambacho angekila siku ile, na fedha hiyo ampe mjane, au yatima, au mhitaji mwingine. Na Aristides wa Athene, aliyemwandikia Kaisari kuwatetea Wakristo katika karne ile ile, aeleza kwamba akiwapo maskini kati yao, nao hawana akiba ya kumpa, hufunga siku mbili au tatu ili apate chakula. Fikirini jambo hili. Watu wale hawakuwa matajiri waliotoa kilichozidi, bali walikuwa maskini walioona njaa ili mwenzao asione njaa.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu. Mtu afungaye ili Mungu ampende amekwisha kuanguka katika sheria, hata kama hakuonja kitu toka asubuhi hata jioni. Bali mtu ajuaye kwamba Mungu amekwisha kumpenda katika Kristo, naye akajinyima ili jirani ale, huyo hanunui kitu kwa Mungu. Chakula chake kimekwenda kwa mtu mwenye njaa, wala hakuna ngazi ya kupandia mbinguni hapo. Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakukataza kufunga. Alikuita zoezi jema la nje, akasema ya kuwa anayestahili hasa ni mwenye imani.

Basi, kwetu mambo yakoje? Wakati wa Kwaresima wengi hufunga, nami nawasifu. Lakini mara nyingi unga usiopikwa mchana hubaki katika debe, nao hupikwa jioni pamoja na ule wa jioni! Tena baada ya ibada twafanya mnada wa ndizi, mayai na kuku walioletwa kuwa sadaka, na fedha yake yaenda katika ujenzi. Sisemi ujenzi ni mbaya, kwa maana mvua hutunyeshea sote. Lakini katika ibada ya Warumi, kama aelezavyo Justinus katika utetezi wake wa mwaka 155 hivi, sadaka ya Jumapili iliwekwa kwa msimamizi wa ibada naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mjane akaaye nyuma ya kanisa letu, akisikia kuku wake mwenyewe akinadiwa, ana haki ya kuuliza habari hiyo.

Justinus asema pia kwamba mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo sehemu ya Chakula cha Bwana. Sisi tuna utaratibu wetu juu ya Sakramenti, nao ushikwe. Lakini ni utaratibu gani uwakatazao wazee wa kanisa kumpelekea kikongwe asiyeweza kutembea somo la siku ile, na sala, na kipimo cha unga?

Habari ya saa za sala ni nyepesi kuliko watu wadhanivyo. Wengine huogopa kwamba tutaonekana kuwaiga jirani zetu Waislamu. Lakini Danieli alisali mara tatu kwa siku; Petro na Yohana walikwea hekaluni saa tisa, saa ya kusali; naye Petro alipanda darini kuomba saa sita. Tertullianus wa Karthago, mtu wa Afrika hii hii, ataja saa tatu, saa sita na saa tisa. Wazungu hawana budi kuzigeuza saa hizo ndipo wazielewe, lakini sisi twazihesabu vile vile hata leo. Kengele ya shule ikilia saa sita, mkulima na aegemee jembe lake aseme Baba Yetu.

Liko neno moja zaidi nisiloweza kulipita. Plinius, liwali wa Bithynia, nchi iliyo sasa katika Uturuki, alimwandikia Kaisari Traianus mnamo mwaka 112. Aliambiwa na walioshitakiwa kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kama Mungu, na hujifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi, wala wasikane amana wanapotakiwa kuirudisha. Kukana amana! Mwenye kukopa katika mfuko wa jumuiya, kisha akahama mtaa, na asome habari hii polepole.

Mtu aweza kunijibu, Wale walikuwa watakatifu, nasi tu watu wa kawaida. Sivyo. Mwaka 250 Kaisari Decius alipowaamuru watu wote kutoa dhabihu kwa miungu, Wakristo wengi mno wa Karthago walikimbilia kutii. Cyprianus, askofu wao, aliomboleza kwamba amani ya muda mrefu ilikuwa imewalegeza, kila mtu akitafuta mali. Hata hivyo, tauni ilipoingia mjini baada ya miaka michache, askofu yule yule aliwaita watu wa Kanisa lile lile wawahudumie wagonjwa, hata wapagani waliowatesa. Hakungoja kwanza wawe watakatifu.

Kwa hiyo naomba mabaraza ya wazee yafikiri juu ya Ijumaa za Kwaresima ijayo. Kila nyumba iwezayo iache mlo mmoja, na unga wa mlo huo uletwe kanisani jioni, upimwe, upelekwe usiku ule ule kwa wahitaji, awe Mkristo au asiwe. Wagonjwa, waja wazito na watoto wasifunge. Na majina ya waliopokea yasisomwe katika matangazo ya Jumapili.