Je, Majonzi ya Kratos Yanamsafisha?

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, mimi na kaka yangu tulicheza God of War III katika kibanda cha gemu mtaani kwetu. Kuna mahali ambapo Kratos, shujaa wa mchezo huo, anamkuta mwanamke amefungwa minyororo, analia. Anamburuta hadi kwenye gurudumu na kumtumia kama kigingi ili lango libaki wazi. Mtambo unamponda. Tulishangilia kwa kuwa njia ilikuwa imefunguka. Vidole vilivyobonyeza pedi vilikuwa vyangu.

Mfululizo huo ulianza mwaka 2005. Tangu mwanzo Kratos alikuwa na majonzi: kwa hila ya Ares, aliwaua mkewe na bintiye, na majivu yao yakagandamana na ngozi yake. Lakini majonzi hayo yalikuwa kuni za kuchochea kisasi tu. Katika mchezo wa mwaka 2018 akapewa mwana, Atreus, na safari ya kupeleka majivu ya mama wa mtoto huyo kwenye kilele cha mlima. Mtoto anapomuua kulungu, Kratos ananyoosha mkono amguse, kisha anaurudisha. Tukio hilo dogo lilinigusa kuliko mapigano yote.

Wenzangu husema kwamba sasa Kratos amekuwa mtu, basi tumsamehe. Sikubaliani nao. Kumwelewa mkosaji si kumsamehe, na msamaha si wetu kuutoa. Ni wa waliodhulumiwa. Yule mwanamke wa kwenye gurudumu hakupewa hata jina. Huruma yetu yote imemwendea aliyemuua.

Hata hivyo, waandishi walifanya jambo moja la haki. Kratos hageuki kwa kulia, bali kwa kumwambia mwanawe ukweli: kwamba aliua wengi wasiostahili kufa, na hata baba yake mzazi. Angeweza kunyamaza, abaki shujaa machoni pa mtoto. Wahenga walisema mwana wa nyoka ni nyoka. Kratos anaogopa kwamba huenda ni kweli, ndiyo maana anasema.

Mwaka huu nilicheza tena ule mchezo wa zamani. Nilipofika kwenye gurudumu, nilishika pedi bila kubonyeza. Kaka akauliza mbona sisongi mbele. Nikaanza kumweleza.