Kusema Kweli Katika Khitilafu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, mtu akikhitilafiana na mwenziwe, atashikaje ukweli wake pasi na kuvunja udugu? Wako wadhanio kuwa ukweli ni kumfedhehi mtu hadharani, na wako wadhanio kuwa amani ni kunyamaza. Wote wawili wamekosa.

Nami sijitoi. Mwaka mmoja tulikhitilafiana, mimi na mwalimu mwenzangu, katika mwezi wa Idi: yeye aliwakubali mashahidi, mimi nikawatilia shaka. Mbele yake nalisema, "Naam shekhe wangu, kheri." Nalipofika barazani nikamsengenya hata isha. Watu waliniona mpole. Nafsi yangu yajua kuwa nalimdanganya mbele yake, na nyuma yake nalimla nyama.

Na tuwatazame wema waliotutangulia. Mwaka wa 29 wa Hijra, Sayyidna Uthman bin Affan, naye ni Khalifa, alisalisha Mina rakaa nne, na Mtume (S.A.W.), na Sayyidna Abubakar, na Sayyidna Umar walisali hapo rakaa mbili. Abdallah bin Masud alilikataa jambo hilo waziwazi, akataja hoja yake. Kisha akasali nne. Alipoulizwa, akajibu kuwa khitilafu ni shari.

Je, huo ni unafiki? Hasha! Mnafiki huficha lililo moyoni akadhihirisha jingine. Yeye rai yake aliidhihirisha, kila mtu akaijua. Alichokiacha ni kutaka kushinda. Rai ni amana, usiiuze. Kutaka kushinda ni matamanio ya nafsi, kutupe.

Wala mtu asilifanye neno hili pazia la dhulma. Rakaa za msafiri ni mas-ala ya ijtihadi. Mali ya yatima si ijtihadi. Aonaye urithi waliwa, akanyamaza kwa kisingizio cha kuchelea fitina, huyo ameshiriki. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na uadilifu, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu.

Basi jipime kwa kipimo cha Imamu wetu Shafii, aliyefariki Misri mwaka wa 204 wa Hijra. Imepokewa kuwa alipojadiliana na mtu hakujali haki itadhihiri kwa ulimi wa nani. Jiulize: khasimu yangu akipata, nitafurahi au nitanuna?

Mimi nalimwendea mwenzangu baada ya miezi mitatu, nikamtaka radhi kwa niliyomsengenya, kisha nikamweleza hoja yangu uso kwa uso. Radhi alinipa, hoja hakuikubali hata leo. Twala sahani moja, na rai zetu ni mbili.

Wabillahi taufiki.