Chapa ya Msalaba na Deni la Mazungumzo

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa alama zinazotiwa mwilini, na kila moja lina hukumu yake. Chale ni mikato ya wembe, aghalabu kazi ya mganga. Nembo, neno ambalo sasa hutumika kwa alama za serikali na makampuni, ndilo pia linalotaja michoro ya usoni ya Wamakonde. Chapa ni alama ya mwenye mali juu ya mali yake. Tatuu, neno geni kuliko yote, masikioni mwa wazee wengi lina mwangwi wa uhuni. Kijana Mkristo wa asili ya Afrika Mashariki anayechorwa msalaba mkononi mjini London au Chicago hubeba hukumu hizi zote, na utetezi anaoutoa mara nyingi ni mmoja: mchoro huanzisha mazungumzo. Mgeni akiuliza maana yake, njia ya kuishuhudia imani imefunguka. Utetezi huo wastahili kupimwa, kwa kuwa si kila kinachoanzisha mazungumzo ni ushahidi.

Maandiko yenyewe hayamalizi ubishi. Mambo ya Walawi 19:28 yakataza chale kwa ajili ya wafu pamoja na alama za mwilini, na wapo wanaoisoma amri hiyo kuwa ilihusu desturi za maombolezo za mataifa jirani tu. Kwa upande mwingine, Paulo katika Wagalatia 6:17 ajitaja kuwa amechukua chapa za Yesu mwilini mwake. Neno la Kigiriki alilolitumia, stigmata, lilitaja alama walizotiwa watumwa na wahalifu, na wafasiri wengi huona kwamba alikusudia makovu ya mapigo. Katika karne ya 4 Kaisari Konstantino alipiga marufuku kuwatia waliohukumiwa alama usoni, kwa hoja kwamba uso una mfano wa uzuri wa mbinguni. Mwishoni mwa karne ya 8 viongozi wa kanisa waliokutana kaskazini mwa Uingereza walizilaani alama za kipagani, lakini wakakiri kwamba ambaye angezivumilia kwa ajili ya Mungu angepata thawabu. Kigezo chao kilikuwa nia.

Lakini nia haionekani kwa macho, na alama yaonekana. Hapo mfano wa Wakopti wa Misri wafundisha zaidi kuliko hoja za wafasiri. Wengi wao huchorwa msalaba mdogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, mara nyingi wakiwa watoto. Mjini Jerusalem ukoo wa Razzouk, wenye asili ya Kikopti, hadi leo huwachora mahujaji, na umehifadhi mihuri ya mbao iliyorithiwa kizazi kwa kizazi. Kwenye lango la kanisa nchini Misri, mtu akigeuza mkono mlinzi huuona msalaba na kumpisha. Mkono uo huo, mahali pengine, waweza kumfungia mwenyewe mlango. Mwenye alama hachagui nani aisome wala saa ya kusomwa, na hatari hiyo ndiyo inayoipa uzito. Kiswahili, kama Kiarabu, hutumia neno moja, shahidi, kwa atoaye ushahidi na kwa afaye kwa ajili ya imani yake.

Kijana wa London kwa kawaida hana hatari hiyo. Anachokitafuta ni swali la mgeni kwenye basi au kazini, na jibu amekwisha kuliandaa. Hapo mchoro wakaribia kuwa chambo: aliyeuliza kwa udadisi, pengine kwa kuupenda uzuri wa mistari tu, ajikuta akihubiriwa. Kuhubiri si kosa. Kosa ni kumwalika mtu kwenye mazungumzo ambayo upande mmoja tu ndio uliokusudia kusema. Aliyeuliza ana haki ya swali la pili: kwa nini mwenye msalaba huo alimjibu mhudumu kwa kiburi jana, au kanisa lake lilikuwa wapi wanyonge walipodhulumiwa.

Hata hivyo, gharama peke yake haitoshi kuihalalisha alama. Wapo wanawake wa Ethiopia waliochorwa msalaba kwenye paji la uso wangali wadogo, na baadhi yao ukubwani hutafuta kuufuta. Kuufuta si lazima kuwe kuikana imani. Mtu aweza kuchoka kujibu, kila aingiapo mahali, swali ambalo hakulichagua. Kijana wa London ana kitu ambacho mtoto hakupewa, yaani ridhaa, nayo si jambo dogo. Aliyeridhia kwa akili timamu amejifunga mwenyewe mbele ya kila atakayemwona. Ahadi ni deni.

Deni hilo huanza kulipwa nyumbani. Mgeni wa kwenye basi ni msikilizaji mwepesi, maana atashuka kituo kijacho. Mzito ni shangazi anayepiga simu ya video kutoka Tabora akauona mkono. Huyo hahitaji kuelezwa msalaba. Anaujua tangu ubatizo wake. Anachouliza ni kwa nini moyo haukutosha hata ngozi ikahitajika. Kijana awezaye kuketi na swali hilo, akakubali kuwa ni la haki, akalijibu bila kumwita shangazi mtu wa kale, ameyaanza mazungumzo ambayo mchoro wake uliyaahidi. Asiyeliweza bado ana muda: wino huo utakuwapo mkononi mwake mwaka baada ya mwaka, na swali litarudi.